Springi na Shokapu za Gari Dogo: Kijitabu cha Mmiliki Kabla ya Kwenda Dukani

Kijitabu hiki ni cha mwenye gari dogo: Vitz, IST, Passo, Fit, March, Demio na mengine ya rika hilo. Magari haya leo ndiyo yanayopeleka watoto shule, wagonjwa hospitali na abiria wa teksi za mtandaoni mitaani. Wamiliki wengi huingia duka la spea na ombi moja: "Naomba shokapu za Vitz." Muuzaji anauliza za mbele au za nyuma, bei inatajwa, pesa inatoka. Baada ya wiki mbili gari bado limelala nyuma, au limeinuka lakini linarukaruka kwenye rasta mpaka mtoto aliyelala kiti cha nyuma anaamka.

Tunakuomba ushike mpangilio mmoja. Anza na uzito unaobeba. Chagua springi inayoumudu uzito huo. Kisha tafuta shokapu inayoimudu springi hiyo. Anayeanza na shokapu mara nyingi hununua mara mbili.

Nani anabeba, nani anatuliza

Springi ndiyo inayobeba gari. Uzito wa bodi, injini, abiria na mizigo umekalia springi nne, basi. Shokapu kazi yake ni kuituliza springi isiendelee kucheza baada ya kugonga shimo. Ndani ya shokapu mna pistoni inayosukuma oili ipite kwenye vitundu vidogo vya vali. Nguvu ya mtikisiko inageuka joto, na joto hilo linatoka nje kupitia bomba la shokapu. Ukitoka kwenye kilomita kadhaa za barabara ya makorongo, egesha gari pahali tambarare, zima injini, vuta breki ya mkono, kisha sogeza kiganja karibu na shokapu za nyuma, moja baada ya nyingine. Nzima itakuwa na joto. Ikiwa moja imepoa wakati mwenzake ina moto, hiyo iliyopoa haifanyi kazi.

Kwa hiyo gari lililolala, ambalo tairi limezama ndani ya fenda, lina tatizo la springi. Gari linalopita tuta likaendelea kupanda na kushuka, linaloinamisha pua kila ukikanyaga breki, au linalopepesuka kwenye kona yenye mawimbi, lina tatizo la shokapu. Shokapu ya gesi husukuma juu kidogo, lakini msukumo huo hauwezi kuinua gari ambalo springi zake zimechoka. Wamiliki wengi wamebadilisha shokapu nne kwa matumaini ya kuinua gari na wakaambulia hasara.

Mbele kuna jambo la ziada. Karibu magari yote madogo tuliyoyataja yana mfumo uliopewa jina la mhandisi Mmarekani Earle MacPherson, ambao ulienea kupitia Ford za Uingereza aina ya Consul na Zephyr mwanzoni mwa miaka ya 1950. Zephyr hiyo ilishinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1955, kwenye barabara ambazo hata leo zingeogopesha. Katika mfumo huu shokapu na springi ni mguu mmoja: shokapu ya mbele hutuliza springi na pia hushikilia tairi lisimame wima. Mguu uliopinda kwa kugonga shimo hauponi kwa alaimenti. Fundi atarekebisha, baada ya siku chache usukani utavuta tena, na tairi litaliwa upande mmoja.

Gari lako lilihesabiwa watu wa uzito gani

Hapa ndipo makosa mengi yanapoanzia, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Nchini Japani, nyaraka za gari huhesabu abiria mmoja kuwa kilo 55. Gari la watu watano linahesabiwa kilo 275 za abiria. Sasa chukua dereva wa teksi anayetoka Mbagala alfajiri kuwahi mabasi Mbezi, amepakia abiria wanne. Watu wazima watano wa kilo 70 kila mmoja ni kilo 350. Hapo tayari pana kilo 75 juu ya hesabu ya nyaraka, na bado buti halijafunguliwa kuwekwa mabegi, ndoo ya samaki na kiroba cha unga wa kupeleka kijijini.

Tuseme springi za nyuma zina ugumu wa kilo 2 kwa milimita, yaani kila kilo 2 zinazoongezeka juu ya springi zinaishusha milimita moja. Kilo 75 za ziada zikiangukia nyuma zote, kila springi inapata kilo kama 37, na nyuma inashuka karibu sentimita 2. Ongeza mabegi ya kilo 40, unapoteza sentimita nyingine moja. Kwa gari ambalo nafasi ya springi kujikunja kabla ya kugonga mpira wa stopa ni sentimita chache tu, sentimita 3 ni nyingi sana. Ndiyo ile "kong!" inayosikika nyuma kwenye kila tuta, na abiria akageuka kumtazama dereva.

Kwa hiyo kabla hujaenda dukani, jiulize kwa ukweli gari lako linaishije. Kama ni mtu mmoja au wawili kwenda kazini na kurudi kwenye lami, springi za ugumu wa kiwandani zinakutosha kabisa, na kuweka ngumu zaidi ni kujitesa na kuitesa bodi. Kama ni teksi, au unabeba mzigo wa duka kila siku, tafuta springi za nyuma zenye ugumu uliozidi wa kiwandani kwa asilimia 10 hadi 20, za mbele uziache kama zilivyo. Kama njia yako kubwa ni vumbi na mawe, usikimbilie ugumu. Unachohitaji ni nafasi ya springi kucheza, na springi ngumu mno hulirusha tairi hewani kila ligongapo jiwe. Tairi lililo hewani halishiki breki wala halikati kona.

Pima kwa futi kamba kabla ya kulaumu

Weka gari tambarare, likiwa tupu, upepo wa matairi ukiwa sawa. Pima kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa fenda, matairi yote manne, uandike. Kulia na kushoto zikipishana kwa zaidi ya sentimita moja, springi ya upande wa chini imechoka, imevunjika au si ya mwenzake. Tumia katikati ya rimu, usipime kutoka ardhini, maana tairi lililolika au lenye upepo mdogo litakudanganya.

Kisha chungulia springi yenyewe kwa tochi, hasa mzunguko wa chini kabisa unaokalia kikombe. Dar es Salaam, Tanga, Zanzibar na Mombasa, chumvi ya hewa ya bahari na maji yanayotuama kwenye kikombe hula chuma taratibu chini ya rangi. Springi hukatika pale chini, kipande kidogo tu, na mwenye gari husikia mlio wa "tii" akikata kona bila kujua chanzo. Kipande hicho kikihama kinaweza kulichana tairi likiwa barabarani. Magari yaliyotumika kaskazini mwa Japani, ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji, huja na kutu ya namna hiyo tangu bandarini. Mengi kati ya hayo ni ya magurudumu manne yanayovuta, na sehemu zake za nyuma hazifanani na za gari la kawaida la jina hilohilo.

Kwa shokapu, tazama mafuta. Unyevu mwembamba kama jasho juu ya bomba hauna shida. Vumbi lililogandamana na oili hadi katikati ya bomba ni kuvuja. Pitisha kiganja juu ya tairi: kama uso wake una mabonde na vilima vinavyofuatana, shokapu imekuwa ikiliacha tairi lidunde. Kule kubonyeza bampa na kuhesabu gari linacheza mara ngapi kunaonyesha shokapu iliyokwisha kabisa, lakini iliyobaki na nusu ya nguvu inaweza kufaulu kipimo hicho na bado ikarefusha umbali wa kusimama ukifunga breki kwenye barabara mbovu.

Milimita moja ya waya

Springi mbili zinaweza kufanana kwa macho na zikapishana sana kwa ugumu. Ugumu hutegemea unene wa waya, upana wa duara na idadi ya mizunguko inayocheza, na unene wa waya ndio wenye nguvu kuliko vyote, kwa sababu huingia kwenye hesabu ukiwa umezidishwa kwa wenyewe mara nne. Waya wa milimita 11 ukibadilishwa kwa wa milimita 12, vingine vyote vikibaki vilevile, ugumu unapanda kwa takriban asilimia 42. Kwa hiyo nenda dukani na springi yako ya zamani na kalipa ya kupimia. Muuzaji akikuambia "hii ni hiyohiyo, imeongezeka unene kidogo tu," sasa unajua kidogo hicho kina uzito gani. Kumbuka pia kusafisha kutu na rangi iliyobanduka kabla ya kupima waya wa zamani.

Idadi ya mizunguko ndiyo siri ya mtindo mbaya wa kukata springi ili gari likae chini. Springi yenye mizunguko 6 inayocheza ikikatwa mmoja inakuwa ngumu zaidi kwa asilimia 20, na wakati huohuo gari limeshuka, nafasi ya kucheza imepungua. Umeongeza ugumu na umepunguza njia. Ncha iliyokatwa na grainda haikai vizuri kwenye kikombe, inageuka, inagonga, na siku gari likining'inia kwenye shimo springi inaweza kuchomoka mahali pake. Kuipasha moto ili ilale ni hatari zaidi, kwa sababu chuma cha springi kinapoteza ukakamavu waliokitia kiwandani na kitaendelea kulala kadiri siku zinavyokwenda. Fundi anayekupa ushauri huo mwambie hapana, hata kama amekutengenezea gari kwa miaka mingi.

Spesa nazo zimekuwa fasheni, zile sahani za aluminiamu au mpira mgumu zinazowekwa juu ya mguu wa mbele na chini ya springi za nyuma. Zinainua bodi, ni kweli, na kwa anayegonga chini kila siku zinasaidia. Lakini spesa haiongezi uwezo wa kubeba hata kwa kilo moja, kwa kuwa springi ni ileile. Nyuma, shokapu inalazimika kuishi ikiwa imenyooka zaidi, kwa hiyo gari likishuka kwenye shimo shokapu inafika mwisho na kugonga kwa ndani. Mbele, shafti za magurudumu zinakaa kwa pembe kali, na mipira ya sivijointi huchanika mapema. Sisi hatushauri kupita sentimita 2 na nusu kwa gari dogo, na baada ya hapo alaimenti ni lazima, taa nazo zishushwe ili usiwapofushe wenzako. Pesa ikiruhusu, springi ndefu zilizotengenezwa kwa ajili ya modeli yako, pamoja na shokapu za urefu unaolingana, ni njia iliyo bora mara nyingi kuliko spesa.

Shokapu ifuate springi

Ukiongeza ugumu wa springi, nguvu ya kuituliza nayo iongezeke, ila haipandi kwa kiwango kilekile. Springi ikiwa ngumu zaidi kwa asilimia 20, shokapu inahitaji kuongezeka kwa kama asilimia 10. Hilo lina faida kwa mwenye teksi: springi za nyuma zilizoongezwa kidogo zinaweza kutumikia vizuri na shokapu mpya za kiwango cha kiwandani. Anayefunga springi zilizopanda asilimia 40 juu ya shokapu za kawaida, hata kama ni mpya, atapata gari linalodunda.

Kuna dhana iliyoenea kwamba shokapu ni za aina mbili, za oili na za gesi, na kwamba za gesi hazina oili. Zote zina oili, na oili ndiyo inayotuliza. Gesi, kwa kawaida naitrojeni, imewekwa kuikandamiza oili isitoe povu inapochemka na kuchapwa kwa muda mrefu. Kwenye barabara ndefu ya vumbi yenye mawimbi, povu hilo ndilo linaloifanya shokapu ilegee baada ya nusu saa na kupata nguvu tena asubuhi. Kwa hiyo anayesafiri mara kwa mara kwenye vumbi anunue za gesi. Wa mjini anaweza kutumia za oili nzuri bila majuto.

Springi za mtumba tunaweza kuzikubali. Chuma kisicho na kutu, kilichotoka kwenye modeli ileile na chenye urefu sawa kulia na kushoto, bado kina maisha. Shokapu za mtumba tunazikataa. Sili zake ni mpira uliozeeka, oili yake imetumika miaka, na hujui zilitolewa kwa sababu gani. Mbaya kuliko zote ni zile zilizotobolewa, zikajazwa oili na kuchomelewa upya. Oili iliyowekwa si ya kipimo cha vali zile, na kuchomelea bomba lenye gesi ya mgandamizo kunaweza kumuua fundi. Tunasema hivyo bila kutia chumvi.

Soma namba, usisome jina

"Vitz" peke yake haitoshi. Kuna Vitz za kwanza za mwaka 1999, za pili za mwaka 2005 na za tatu zilizotoka mwishoni mwa mwaka 2010, na sehemu zake haziingiliani kiholela. Toa kadi ya gari au tazama bati la kiwanda, usome herufi na tarakimu za mwanzo za namba ya chasisi. SCP10 ni Vitz ya kwanza yenye injini ya lita 1.0, KSP90 ni ya pili, NCP91 ni ya pili yenye lita 1.5. IST ya NCP61 na ya NCP65 ni pacha kwa sura, lakini NCP65 inavuta magurudumu manne, na nyuma yake si ya mwenzake. Gari la michezo la jina lilelile, kama Vitz RS, huwa na springi na shokapu tofauti na za kawaida.

Kwa Toyota, namba ya spea ya springi za mbele huanza na 48131 na ya nyuma 48231. Shokapu ya mbele kulia huanza na 48510, ya kushoto 48520, kwa hiyo usikubali mbili za upande mmoja. Za nyuma huanza na 48530 au 48531. Tarakimu zinazofuata ndizo zinazotenganisha gari na gari, na springi nyingi za kiwandani huwa pia na alama za rangi kwenye waya. Andika namba hizo kwenye simu kabla ya kwenda kwenye maduka ya spea ya Gerezani, Dar es Salaam, au Kirinyaga Road, Nairobi. Ukiwa na namba, mazungumzo na muuzaji yanabadilika papo hapo.

Shokapu ikitolewa kwenye boksi, linganisha namba iliyopigwa kwenye bomba na ya kwenye boksi. Tazama chomeleo liwe safi na fimbo iwe laini, inang'aa, haina mkwaruzo. Isimamishe wima, ibonyeze hadi chini kwa uzito wa mwili. Inapaswa kupinga kwa nguvu moja tangu juu hadi chini, na ukiivuta ipinge zaidi. Ya gesi itapanda yenyewe polepole. Ukihisi pahali panapoteleza bure, irudishe. Lakini zingine hukaa zimelazwa ghalani miezi mingi na huwa na hewa ndani, kwa hiyo ibonyeze na kuivuta mara nne au tano ikiwa wima kabla ya kuihukumu.

Kwenye gereji

Badilisha mbili kwa pamoja, za mbele zote au za nyuma zote. Mpya upande mmoja na nzee upande wa pili hulifanya gari livute likifunga breki kwenye mashimo. Wakati mguu wa mbele uko chini, badilisha pia maunti ya juu na beringi yake, mpira wa stopa na mpira wa kuzuia vumbi. Bei yake ni ndogo ukilinganisha na kulipa ufundi upya, na vumbi likiingia kwenye fimbo ya shokapu mpya sili yake haimalizi mwaka.

Simama karibu uone mambo matatu. Kwanza, springi ya mbele ibanwe kwa vibanio viwili vya skrubu vilivyo sawa pande zote, si kwa kamba wala kwa mtu kuikalia, maana springi iliyobanwa ina nguvu ya kuvunja taya. Pili, fimbo ya shokapu isishikwe kwa pilaizi hata sekunde moja, kwa kuwa mkwaruzo usioonekana vizuri utaichana sili. Tatu, boliti za bushi za mkono wa chini na za ekseli ya nyuma zikazwe mwisho gari likiwa limeshuka juu ya magurudumu yake. Zikikazwa gari likiwa kwenye jeki, bushi hubaki imepindwa muda wote na huchanika mapema, na lawama ataangushiwa muuzaji wa shokapu.

Kabla hujalipa, pima tena katikati ya rimu hadi fenda, ulinganishe na ulichoandika. Endesha taratibu kwenye tuta, usikilize. Peleka alaimenti siku hiyohiyo. Springi mpya hushuka kidogo zikizoea uzito, kwa hiyo rudi baada ya wiki mbili, fundi azijaribu boliti zote kwa spana.

Dai risiti yenye namba ya spea, na udai boksi. Ukishuku bidhaa ni feki, Tanzania lalamiko hupelekwa Tume ya Ushindani, FCC, na kwa Kenya hupelekwa Mamlaka ya Kupambana na Bidhaa Ghushi. Shokapu uliyoifungua iende pamoja na lalamiko hilo, ikiwa imefungwa kwenye mfuko, haijaoshwa.